Watoto wanapata 18 kati ya 20 ila chupa ya maji baridi imewashinda, nipimeje sayansi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sayansi darasa la tano shule ya serikali huku Kilosa, mkondo wangu una watoto 87. Jaribio la mwezi walifanya vizuri sana, wengi 16, 17 mpaka 18 kati ya 20, na mada ilikuwa hiyo hiyo ya maji, mvuke na barafu. Wiki iliyofuata nikaja na chupa ya maji iliyolala kwenye friji, nikaiweka mezani, ikaanza kutoa matone kwa nje. Nikauliza haya maji yametoka wapi? Karibu darasa zima: "yamevuja kutoka ndani". Nimebaki najiuliza jaribio langu lilipima nini. Na nitawapimaje watoto 87 bila maabara?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na nimefurahi kweli, maana wengi wetu likitutokea jambo kama hilo tunafuta ubao tunaingia mada inayofuata. Mimi nimeshika chaki ya sayansi shule za msingi miaka mingi, baadae nikawa natunga na kusahihisha majaribio na kukaa na walimu kwenye semina, na hii ishu ya chupa nimeiona darasani zaidi ya mara moja, kwahiyo nitakujibu kwa urefu, nivumilie.

Jaribio lako halikukudanganya. Limepima kitu, ila sio kile ulichodhani. Nina uhakika mle ndani kulikuwa na swali la aina hii: "Kitendo cha maji kugeuka kuwa mvuke huitwaje?" na machaguo ni kuganda, kuyeyuka, mvukizo, kuchuja. Mtoto neno mvukizo kaliona ubaoni, kaliandika daftarini, kaliimba na wenzake, siku ya jaribio analikuta pale analizungushia duara, vema moja. Hapo umepima kama analikumbuka jina. Na kukumbuka jina sio kosa, bila majina hatuwezi kuongea sayansi, lakini mtu anaweza akalijua jina la kijiji chenu na hajawahi kukanyaga.

Sasa wale waliosema maji yamevuja, naomba usiwaone wajinga hata kidogo. Angalia hoja yao: maji yako wapi? Ndani. Yameonekana wapi? Nje. Katikati kuna nini? Plastiki. Basi yamepita. Alafu kumbuka wengi wao nyumbani kuna mtungi wa udongo, na mtungi kweli unapitisha maji, yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanakauka kwa nje na ndo maana maji ya mtungini yanakuwa baridi. Mtoto kautazama mtungi miaka yote alafu we unamletea chupa nayo "inatoka jasho", atasema nini zaidi ya hicho? Na sio watoto wa Kilosa peke yao. Watafiti wawili wa New Zealand, Roger Osborne na Mark Cosgrove, walichapisha mwaka 1983 utafiti wao wa kuwauliza watoto maswali ya namna hii hii, wakakuta majibu yale yale: maji yamepenya kwenye kioo, baridi imepita ikageuka maji, na kadhalika. Kwahiyo ulichokutana nacho ni wazo ambalo watoto wanalijenga wenyewe wakiwa mbali kabisa na sisi, na haliondoki kwa kuwaandikia maana ya mvukizo ubaoni.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: majibu ya uongo kwenye majaribio yako yatoke midomoni mwa watoto wako wenyewe. Yale machaguo yasiyo sahihi, sisi watunzi tunayaita vipotoshi, mara nyingi tunayajazia tu ili zifike nne. Tunaandika jibu sahihi vizuri alafu tunatafuta maneno matatu yoyote ya kuweka pembeni. Matokeo yake mtoto hahitaji kujua chochote, anafuta yale ya ajabu ajabu anabaki na moja. Ila kipotoshi kikiwa ni lile wazo lenyewe alilonalo kichwani, hatakipita. Atakichagua, na akikichagua amekuambia anawaza nini. Hapo hata jibu la kukosa linakupa habari.

Chukua chupa yako. Ungeandika hivi:

Asha ametoa chupa ya maji kwenye friji, mfuniko umekazwa, akaifuta kwa kitambaa ikawa kavu kabisa. Baada ya dakika chache nje ya chupa kuna matone ya maji. Matone hayo yametoka wapi?
A. Yamepenya kwenye plastiki kutoka ndani
B. Baridi ya maji imepita ikageuka matone
C. Yalikuwa mvuke hewani, yakapoa yalipogusa chupa
D. Yamepita kwenye mfuniko yakashuka pembeni

Ona hakuna neno mvukizo wala jina lolote la kukariri, na hakuna chaguo la kijinga. A, B na D nimezisikia kwa masikio yangu. Alafu ongeza kipande cha pili, hii mbinu David Treagust wa Australia aliiandika vizuri mwaka 1988, swali la ngazi mbili: ngazi ya kwanza jibu, ngazi ya pili sababu. "Asha akijaza chupa juisi ya rosela badala ya maji, matone ya nje yatakuwa na rangi gani? Kwa nini?" Aliyechagua C kwa kubahatisha utamkuta hapa anasema mekundu. Huyo hajaelewa, na kwenye jaribio lako la kawaida angekuwa na vema.

Na hili usiliache kwenye karatasi tu, lifanye. Juisi ya rosela kwenye chupa angavu, igande kabisa kwenye friji ya jirani au ya mama muuza maji, funga kwenye gazeti uje nayo. Kabla hujaitoa, kila mtoto aandike kwa peni, sio penseli, matone yatakuwa na rangi gani na kwa nini. Peni ni muhimu, maana wakishaona wanafuta na kuandika upya kisha wanakwambia mwalimu mimi nilijua. Ndo unaitoa, unaifuta, mnasubiri. Dakika tatu nne hivi ukungu unaanza chini, kisha matone. Muite mtoto mmoja apanguse kwa tishu nyeupe aizungushe kwa wenzake. Nyeupe vile vile, imelowa tu. Nakwambia darasa linanyamaza. Kuna siku binti mmoja wa mbele aliinusa ile tishu, akamgeukia mwenzake akasema haina harufu ya juisi. Hakuna aliyemfundisha kunusa, kajiongeza mwenyewe. Kama una mwenzako mwenye mizani ya kidijitali ya jikoni, ile inayosoma gramu moja moja, iweke chupa juu yake: inaongezeka uzito kidogo kidogo. Ingekuwa inavuja ingebaki vile vile.

Hii ya kutabiri, kutazama kisha kueleza ni kipimo kamili, sio mchezo wa kuchangamsha. Ila sharti lake moja: utabiri usiupe alama. Ukianza kuweka kosa kwenye utabiri, wiki ijayo hawataandika wanachowaza, wataandika wanachohisi unakitaka, na hapo umepoteza kila kitu.

Umesema huna maabara. Nikupe kipimo kingine ambacho nakipenda kuliko vyote, cha umeme, nacho ni betri moja ya tochi, waya mmoja wa urefu wa kiganja uliochunwa ncha zote mbili, na globu ndogo moja ya tochi za zamani. Mwambie mtoto: washa. Basi, usiseme kingine. Watoto ambao juzi wamejibu "sakiti ni njia kamili ya mkondo wa umeme" wataweka globu kwenye kichwa cha betri wanasubiri iwake. Haiwaki. Wataunganisha waya kutoka kichwa cha betri mpaka kitako cha globu, haiwaki. Kichwani mwao umeme unatoka kwenye betri unaenda kwenye taa kama maji ya bomba yanavyoenda kwenye ndoo, safari ya kwenda tu. Hawajui umeme lazima upate njia ya kurudi, na wengi hawajui globu ina sehemu mbili za kugusa, ile ncha ya chini na lile bati la pembeni. Ukimuona mtoto amesimamisha ncha ya globu kwenye kichwa cha betri, akatoa waya kwenye kitako cha betri akaugusisha kwenye bati la pembeni, ikawaka, huyo ameelewa, huna haja ya kumuuliza maana ya sakiti. Watu wazima wengi nao wanakwama hapa, jaribu ofisini utaona.

Kwa watoto 87 unafanya hivi: tafuta seti sita, kila seti watoto wanne, hapo ni 24 kwa zamu, zamu nne zinatosha kwa wote. Dakika saba saba, wengine wanachora kwenye daftari wanachodhani kitawaka, kipindi cha dakika 40 kinatosha. We unazunguka na karatasi yenye majina unaweka alama tatu tu: amewasha mwenyewe, amewasha baada ya kuona wenzake, hajawasha. Globu za zamani siku hizi zinaanza kuwa adimu kidogo, tochi nyingi zimekuwa LED. Ukipata LED nyeupe kumbuka inataka kama volti 3, betri moja ya volti 1.5 haitaiwasha, unganisha mbili, na ina upande, ukigeuza miguu haiwaki. Usije ukaadhibu watoto kwa kosa la taa.

Sasa kuna kitu kwenye vitabu vya mambo ya upimaji vilivyoandikwa kwa lugha nyingine hutakikuta, nacho ni Kiswahili chetu wenyewe. Tunafundisha sayansi kwa maneno ambayo mtoto ameyakuta nyumbani na yana maana zake tayari. Muulize mtoto: kati ya mbuzi, mbu, samaki na uyoga, yupi sio mnyama? Atakwambia mbu. Mbu ni mdudu, mnyama ana miguu minne, kila mtu mtaani anajua. Kwa Kiswahili cha nyumbani mtoto yuko sawa kabisa! Kwa sayansi mbu ni mnyama na anayetakiwa kutoka ni uyoga. Sasa umepima nini hapo, sayansi au maana ya neno? Na hilo hilo neno mdudu: buibui ni mdudu, tandu ni mdudu, na hata mtu akiumwa tumbo wanasema ana wadudu. Ukija na kanuni yako ya miguu sita, mtoto anatakiwa ajue kwamba darasani neno limebanwa. Kwahiyo kwenye swali andika wazi "kwa kanuni ya sayansi tuliyojifunza", au achana na neno kabisa, chora buibui, muulize ana miguu mingapi na anakaa kundi gani, kwa nini.

Nguvu ni hivyo hivyo. Chai ina nguvu, betri ina nguvu, mganga ana nguvu, kusukuma mkokoteni ni nguvu. Kitabuni tunatenganisha kani, yaani kusukuma na kuvuta, na nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, nje ya darasa vyote nguvu. Joto na halijoto vile vile. Moshi nao: mvuke unaotoka kwenye sufuria watoto wengi wanauita moshi, na mtoto akikuandikia "maji yakichemka hutoa moshi" usikimbilie kuweka kosa, muite, muulize ukiweka mfuniko baridi juu ya huo moshi utaona nini. Akisema maji, anaijua sayansi, amekosa neno. Akisema masizi, basi hapo kuna kazi.

Mbolea sasa. Baba yake kila msimu anasema mbolea ndo chakula cha mahindi, mtoto ameshika. Shuleni anajibu usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula, vizuri, anataja mwanga, maji, kabonidayoksaidi, kila kitu. Muulize hivi: kokwa ya embe ina uzito mdogo tu, baada ya miaka ishirini kuna mti wa kupasua mbao. Zile mbao zikishakaushwa vizuri, sehemu kubwa ya uzito wake ilitoka wapi? Udongo, mbolea, hewa, au mwanga wa jua? Nimeuliza swali hili darasa la saba na nimeuliza walimu, udongo unashinda kila mara. Jibu ni hewa, ile kabonidayoksaidi, pamoja na maji. Kuna mtu aliipima hii zamani kweli, Jan Baptist van Helmont, kwenye nchi tunayoiita leo Ubelgiji. Alipanda mche wa ratili 5 kwenye udongo mkavu wa ratili 200, kama kilo 90 hivi, akawa anamwagia maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika ratili 169, udongo alipoukausha na kuupima ulikuwa umepungua kama wakia 2 tu, gramu zisizofika 60. Kazi yake ilichapishwa 1648 baada ya yeye kufariki. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, habari ya hewa ikaja kujulikana baadae sana. Wape watoto zile namba bila hitimisho, waulize udongo umeliwa au haujaliwa, na mbolea basi inafanya kazi gani. Hilo ni swali la kufikiri, na namba zenyewe zinawabana.

Kuna mahali kipimo kibaya kinaweza hata kuua, nisiruke hapa. Radi. Mtoto ataandika "radi ni umeme unaotokea mawinguni" na atapata vema, alafu mvua ikianza anavua shati jekundu, wanafunika kioo nyumbani, na kwa raha zake anasimama chini ya mwembe. Sina nia ya kudharau wazee waliotuambia habari za nguo nyekundu na vioo, walikuwa wanatafuta kuwalinda watoto. Ila swali la radi liulize hivi: mvua ya radi imewakuta uwanja wa mpira, mtafanya nini? Chini ya mti mkubwa, kuvua nguo nyekundu, kukimbilia darasani, kusimama katikati ya uwanja. Alafu hesabu ni wangapi wamechagua mti. Mti ndo jibu la hatari kabisa, na ukikuta watoto thelathini wamelichagua, kesho asubuhi hilo ndo somo, azimio la kazi litasubiri.

Tuje kwenye hesabu za alama, maana najua mwalimu wa taaluma anazitaka. Maswali 20 yenye machaguo manne, mtoto aliyepiga ramli mwanzo mwisho kwa wastani anapata 5. Kwahiyo 5 kwa 20 ni sifuri iliyovaa nguo, na 7 au 8 bado usiishangilie. Pia swali moja haliwezi kukuambia kama mtoto anaelewa wazo, liulize hilo wazo mara tatu kwa sura tofauti: chupa, mfuniko wa sufuria, vioo vya daladala vinavyoingia ukungu asubuhi ya mvua. Anayepata zote tatu unaweza kumsema kwa ujasiri. Kwenye jedwali lako la kutahini, ile karatasi ya kupanga swali gani linapima nini, usijaze kukumbuka peke yake. TIMSS, ule mtihani wa kimataifa wa hisabati na sayansi ulioanza 1995, kwa darasa la nne wanagawa sayansi asilimia 40 kujua, 40 kutumia na 20 kufikiri. Kwa maswali yako 20 ni nane, nane na manne. Rudi kwenye lile jaribio lako la mwezi, hesabu ya kukumbuka ni mangapi. Nadhani utakuta 17 au 18, na ndo maana alama zilipaa.

Ukishasahihisha usigawe karatasi haraka. Panga kuanzia aliyepata nyingi mpaka wa mwisho, chukua 23 za juu na 23 za chini, hiyo ni kama asilimia 27 ya watoto wako kila upande. Kwa kila swali hesabu wa juu wangapi wamepata na wa chini wangapi. Swali la 6, juu 20, chini 8, tofauti 12, zuri, linatenganisha. Swali la 11, juu 22, chini 22, halijakuambia kitu, ni la kuwapa moyo tu. Swali la 14, juu 7, chini 13, hapo simama. Waliosoma wanakosa na wasiosoma wanapata, maana yake swali lina kasoro, au ufunguo wako wa majibu umekosea, au ulifundisha vibaya na wasikivu wakakusikiliza. Nimekutana na zote tatu.

Na habari ya ufunguo wa majibu inaniuma mpaka leo. Tulikuwa na swali, maji huchemka kwenye nyuzi ngapi za selsiasi, jibu 100. Shule moja nyanda za juu, kama mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mtoto aliandika 94. Nikaweka kosa. Mwalimu wake akanipigia: wao walikuwa na kipimajoto kimoja cha shule, walichemsha maji darasani, watoto wakasoma 94 wenyewe. Na ni kweli, kule juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kila mita kama 300 ukipanda maji yanachemka nyuzi moja chini, ukipiga hesabu unapata hapo hapo 94. Wale watoto ndo pekee waliokuwa wamefanya sayansi, na mimi nikawanyima alama kwa kuamini karatasi yangu. Tulirudisha alama, ila karatasi zilikuwa zimeshasomwa mbele ya wazazi. Tangu siku hiyo swali naliandika "usawa wa bahari" au silitungi. Na kagua vile vile vitu vya mazoea, kama ile ramani ya ulimi ya utamu mbele, uchungu nyuma. Sio kweli, ladha zote zinasikika sehemu zote za ulimi zenye vionjo, mtoto aliyejaribu kwa sukari na akajibu tofauti na chati anaweza kuwa sahihi kuliko chati.

Kwa wingi wa watoto wako, kila wiki usifanye jaribio la maswali 20, utakufa kwa kusahihisha. Fanya swali la mlangoni. Dakika tano za mwisho, nusu karatasi, swali moja la aina ya chupa, lisome kwa sauti mara mbili polepole, maana una watoto ambao kusoma bado kunawasumbua na hutaki jaribio la sayansi liwe jaribio la kusoma. Wakitoka wanakuachia mlangoni. Ofisini usiweke vema wala kosa, gawa mafungu manne kwa mawazo, waliosema yamepenya huku, baridi imegeuka huku, mvuke huku, mengineyo huku. Robo saa umemaliza karatasi 87. Kesho unajua uanze na nani. Wakikaa watatu watatu kwenye dawati na kuchungulia ni lazima, tumia vidole: wote wafumbe macho, mkono kifuani, kidole kimoja ni A, viwili B, we unaona darasa zima kwa mtazamo mmoja na hakuna anayemuona jirani. Ila hii ni kwa kupata picha, sio kwa kuandika alama.

Najua swali litakalokuja kwa mwalimu mkuu: hii itatusaidia darasa la saba? Mwambie mtihani wa darasa la saba wenyewe siku hizi una sehemu ya majibu mafupi ambayo hakuna A wala B ya kuokoa mtu. Na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kila mwaka wanatoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwenye tovuti yao bure, swali kwa swali, wanaonyesha watahiniwa walichagua nini na kwa nini walipotea. Pakua ya sayansi ya miaka miwili mitatu, soma yale majibu ya kukosa tu. Pale kuna vipotoshi vya kukutosha mwaka mzima, vimetoka kwa watoto wa nchi nzima, huna haja ya kuvibuni.

Mwezi wa kwanza wastani wako utashuka. Jiandae, na uwaambie wazazi na ofisi mapema, kabla matokeo hayajabandikwa, kwamba umebadilisha maswali, maana watoto waliozoea 18 wakiona 11 wanalia na mwalimu anaonekana amezembea. Wale waliokuwa wanapata 9 kwenye kukariri utashangaa baadhi yao wanapanda, hasa wale wa kuchunga na wa kushinda jikoni na mama, wameona vitu vingi kwa macho.

Anza Jumatatu na rosela. Siku hiyo hiyo toka na swali la mlangoni la mfuniko wa sufuria, alafu baada ya wiki sita, bila kuwataarifu, uliza la vioo vya daladala. Ukishagawa mafungu niandikie kila fungu lina watoto wangapi, mara ya kwanza na mara ya pili, nitakusaidia kuyasoma.